Kano Inayoumia Mara ya Pili: Amana ya Farasi na Tamaa ya Kombe

 

Amepokea Imamu Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi mjini Madina, lakini hakuwaweka wote katika mstari mmoja. Wale waliokwisha kufanyiwa idhmari, yaani waliolishwa wakanenepa, kisha wakapunguziwa chakula na kufunikwa nguo nzito mpaka wakatoka jasho na miili yao ikakazana, walianzia Hafyaa wakakomea Thaniyatul Wadaa. Wale ambao hawakutayarishwa walianzia hapo Thaniyatul Wadaa wakakomea kwenye msikiti wa Bani Zuraiq. Sufyan, mmoja wa wapokezi, aliukadiria mwendo wa kundi la kwanza kuwa maili 5 au 6, na wa kundi la pili kuwa maili 1. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopanda siku hiyo.

Hadithi hii huletwa mara nyingi kama dalili ya uhalali wa mashindano ya farasi, na hilo ni sawa. Sisi leo tunaitazama kwa upande mwingine. Tunaona ndani yake kwamba urefu wa mbio ulipimwa kwa hali ya mnyama. Aliyekuwa tayari alipewa maili 6, na ambaye hakuwa tayari akapewa maili 1, ingawa bila shaka mwenye farasi huyo wa pili naye alikuwa na hamu ya kushinda kama wenziwe.

Tumelianza jambo hili kwa sababu ya maradhi moja ya farasi wa mashindano ambayo hurudi na kurudi, nayo ni kuumia kwa kano za miguu. Farasi huumia, hutibiwa, hurudishwa uwanjani, kisha kano ile ile huumia tena, na mara hii zaidi. Wenye mabanda huulizana ni dawa gani mpya ifanyayo kazi. Rai yetu ni kwamba swali hilo limeanzia mahali pasipo pake. Farasi aliyeumia kano mara mbili anahitaji kwanza mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba bado hajapona, na mwenye farasi atakayeyatii maneno hayo.

Msomaji wa Tanga, wa Malindi au wa Kigoma atauliza farasi wanamhusu nini. Tutamjibu kwa ufupi. Nairobi ina uwanja wa mbio za farasi huko Ngong tangu mwaka 1954. Ng'ambo ya bahari, katika nchi za Ghuba ambako ndugu na watoto wetu wengi wamekwenda kutafuta riziki, farasi ni fahari ya taifa, na mikono inayowaosha, kuwafunga bendeji na kuwatembeza alfajiri aghalabu ni ya wageni walioajiriwa. Tena hukumu ya farasi katika jambo hili ndiyo hukumu ya punda wa Lamu na ng'ombe wa mkokoteni.

Tuanze na mguu wenyewe. Chini ya goti la mguu wa mbele farasi karibu hana msuli kabisa. Ana mfupa, ana ngozi, na nyuma ya mfupa zinapita kano mbili kubwa zinazoshuka kuelekea ukwatoni. Ile iliyo karibu zaidi na ngozi ndiyo inayoumia sana. Kazi yake ni kama ya mpira wa manati: farasi akikanyaga, kano huvutika na kuhifadhi nguvu, akiinua mguu, hujikunja na kumrudishia nguvu ile. Kwa hikima hiyo ya Muumba, mnyama wa kilo 500 huenda shoti bila kuchoka upesi. Lakini nafasi iliyobaki ni ndogo. Wataalamu waliopima kano hiyo katika mbio za shoti wameona ikivutika hata kufikia kama sehemu 16 katika 100 ya urefu wake, kiasi kinachokaribia mno kile cha kuchanika. Aidha, kila inapovutika na kujikunja sehemu ya nguvu hugeuka joto, na katikati ya kano pamepimwa nyuzi 45 za Selsiasi. Seli nyingi za mwili hazistahimili joto hilo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kano ya farasi wa mashindano mara nyingi haiharibiki kwa siku moja. Nyuzi zake huchakaa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila maumivu na bila uvimbe, mpaka siku moja ya mbio zikachanika. Hapo ndipo mguu unapovimba, unapopata moto, na farasi anapochechemea. Mwenye farasi husema ameteleza, au kiwanja kilikuwa kibaya. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kiwanja kimesingiziwa.

Katika kupona ndimo ulimo mtego wenyewe, na tungependa msomaji atue hapa kidogo. Baada ya wiki chache za kupumzika, uvimbe hupungua, joto huondoka, na farasi hutembea vizuri. Ukimtazama utasema amepona. Ndani ya mguu, hata hivyo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwili umeziba pengo kwa kovu, na kovu hilo si kano. Limefanywa kwa nyuzi dhaifu zilizolala ovyo huku na huku, mfano wa mkeka uliosukwa na mtoto anayejifunza. Miezi mingi hupita kabla nyuzi hizo hazijabadilika na kujipanga kufuata njia ya mguu, na hata zikijipanga, kovu hubaki gumu na halivutiki kama kano asilia. Mzigo uliokuwa ukibebwa na kano nzima sasa huwaelemea majirani wa kovu. Ndiyo maana jeraha la pili hutokea mara nyingi kwenye mpaka wa kovu, juu yake au chini yake, na pengine katika mguu wa pili, ambao nao ulikuwa ukichakaa kimya kimya miaka ile ile.

Mtu akilifahamu hili atafahamu kwa nini madaktari wa farasi hutaja miezi 9 hadi 12 ya matibabu, na wakati mwingine hata 18. Siku za kwanza ni za maji ya baridi au barafu, bendeji ya kubana uvimbe, na dawa ya kuupunguza kwa muda mfupi. Kisha farasi hutembezwa kwa mkono, hatua za kawaida tu, labda dakika 10 kwa siku, zikaongezwa pole pole kila wiki. Kutembezwa huko nako ni tiba, kwani nyuzi za kovu hujipanga vyema zinapovutwa kwa kiasi. Farasi aliyefungiwa bandani miezi yote hupata kovu baya, na aliyeachiwa kiwanja kizima akakimbia apendavyo hulichana. Mchakamchaka huja baada ya miezi kadhaa, na mbio za shoti baadaye sana. Kila kabla ya kumpandisha daraja, daktari huutazama mguu kwa ultrasaundi, mashine ya mawimbi ya sauti iliyoanza kutumika kwa kano za farasi katika miaka ya 1980. Mashine hiyo huonyesha pengo la ndani kama doa jeusi, hata pale ambapo mkono wa saisi hauhisi kitu.

Ni tiba isiyo na fahari. Haina chupa ya kuonyesha wageni, na gharama yake kubwa ni subira.

Binadamu hapendi subira, na historia ya tiba ya kano imejaa njia za kuikwepa. Iliyodumu kuliko zote ni moto. Waislamu walikuwa na elimu kubwa ya baitara, yaani utabibu wa wanyama. Katika karne ya 9 Ibn Akhi Hizam, aliyesimamia mabanda ya farasi ya makhalifa wa Bani Abbas, aliandika juu ya farasi na maradhi yao. Na huko Misri, katika zama za Sultani Nasir Muhammad bin Qalaun aliyefariki mwaka 1341, Abu Bakr bin Badr alimwandikia sultani huyo kitabu kikubwa cha fani hiyo. Kuchoma kwa chuma cha moto kulikuwa miongoni mwa tiba za elimu hiyo, kama kulivyokuwa kwa Wagiriki kabla yao na kwa Wazungu baada yao. Waarabu walikuwa na msemo kwamba dawa ya mwisho ni moto. Nasi tunajua kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliutaja moto pamoja na asali na kuumika kuwa ni njia za kupata shifaa, kisha akaukataza umma wake kuutumia. Kwa kuwa imepokewa pia kwamba masahaba walitibiwa kwa moto, wanavyuoni wengi wameuelewa ukatazo huo kuwa wa karaha, na moto ukawekwa nyuma ya tiba nyingine zote. Hayo ni ya wanadamu, wanaoweza kukubali au kukataa. Farasi haulizwi.

Je, moto ulifaa? Kwa karne nyingi wenye farasi waliapa kwamba unafaa: farasi huchomwa, hupumzika mwaka mzima, hurudi uwanjani. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa ripoti ndefu ya majaribio yao juu ya kano za farasi, na wakahitimisha kwamba kuchoma hakukuisaidia kano kupona. Kilichosaidia ni ule mwaka wa mapumziko ambao moto uliulazimisha, kwa kuwa farasi aliyechomwa hawezi kupandwa upesi. Mwaka 1991 chombo kinachosimamia madaktari wa wanyama nchini humo kikatamka kwamba kitendo hicho hakifai kimaadili. Tunaomba hilo lizingatiwe. Wanyama wangapi walichomwa miguu, karne hadi karne, ili mabwana zao wapate kisingizio cha kuwapumzisha?

Leo moto umepisha maabara, na ni wajibu kuzungumza kwa uadilifu, kwani elimu mpya ni neema na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa yake. Mwaka 2003 madaktari wa London walieleza jinsi walivyochukua seli shina kutoka uboho wa farasi mwenyewe, wakazikuza maabara, kisha wakazidunga ndani ya pengo la kano. Mwaka 2012 yakachapishwa matokeo ya farasi wa mbio 141 waliotibiwa kwa njia hiyo. Kati ya 113 waliofuatiliwa baada ya kurudi kazini, walioumia tena ni sehemu 27 na ushei katika 100, ilhali ripoti za zamani za farasi wa kuruka viunzi waliopewa tiba nyingine zilikuwa zimetaja zaidi ya nusu. Ni habari njema. Lakini farasi hao walilinganishwa na ripoti za miaka ya nyuma, si na wenzao wa wakati ule ule ambao hawakudungwa. Isitoshe, wote walipitishwa katika mpango wa mazoezi ya taratibu wa karibu mwaka mzima. Muda haukufutwa na sindano. Sindano iliongezwa juu ya muda. Na hata kwa tiba hiyo bora, zaidi ya farasi mmoja katika kila wanne aliumia tena.

Zipo pia njia ya kudunga ile sehemu ya damu yenye chembe nyingi za kugandisha, mawimbi ya mshindo, na mazoezi ndani ya maji. Baadhi yake zina matumaini na hatuzipingi. Tunachopinga ni muuzaji anayeziuza kama njia ya mkato. Daktari akikuambia kwamba sindano yake itamrudisha farasi uwanjani baada ya miezi 3, muulize kovu litajipanga lini.

Sasa tuingie katika jambo zito zaidi. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia, na ngamia yule alipomwona alilia na machozi yakamtoka. Mtume akampangusa mpaka akatulia, akauliza mwenyewe ni nani, kisha akamkumbusha yule bwana amche Mwenyezi Mungu juu ya mnyama aliyemmilikisha, kwani amemshitakia kwamba anamtia njaa na anamchosha. Sisi hatukupewa kufahamu lugha ya ngamia. Hata hivyo farasi aliyeumia kano anayo lugha tunayoifahamu sote bila muujiza wowote, nayo ni kuchechemea. Hayo ndiyo mashitaka yake. Sasa afikiriwe mtu anayemdunga dawa ya kutuliza maumivu asubuhi ya mbio, au ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya mguu, ili asichecheme mbele ya daktari. Ameziba mdomo wa mshitaki, na jeraha liko pale pale. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimzuia farasi asiutwishe mguu ule mzigo wote. Yakiondolewa, mnyama atakimbia kwa nguvu zake zote juu ya kano iliyochanika, maana yeye hajui kwamba ameumia.

Hili si jambo la kufikirika. Katika mbio za masafa marefu, zinazofika kilomita 160 kwa siku moja, farasi husimamishwa baada ya kila mzunguko, hupimwa mapigo ya moyo, ambayo lazima yashuke hadi 64 kwa dakika, na huchezeshwa mchakamchaka ili ionekane kama anachechemea. Ni utaratibu mzuri. Lakini jangwani kwenye njia tambarare kasi ilipanda miaka hadi miaka, washindi wakafikia zaidi ya kilomita 25 kwa saa, na miguu ikashindwa. Mwezi Machi 2015 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lilisimamisha uanachama wa shirikisho la Umoja wa Falme za Kiarabu kwa ajili ya hali ya farasi katika mbio hizo. Uanachama ulirudishwa Julai mwaka huo baada ya makubaliano, lakini mwaka 2016 mashindano ya dunia yaliyokuwa yafanyike Dubai yakahamishiwa Samorin, Slovakia. Mwaka 2020 baraza la hukumu la FEI lilimfungia mpanda farasi mmoja wa nchi hiyo kwa miaka 20, kufuatia mbio zilizofanyika Ufaransa mwaka 2016 ambamo farasi wake alivunjika mfupa wa mguu na kuuawa. Uchunguzi wa mzoga ulionyesha alama za sindano zilizohusishwa na ganzi.

Linatuuma kwamba habari hizi zimetoka katika nchi ya Kiislamu, nasi hatutazificha kwa sababu hiyo. Hatutaacha pia kutaja kwamba dawa iliyotoka hapo hapo ni nzuri kuliko nyingi zilizotoka kwingine. Huko Bouthib, Abu Dhabi, chini ya marehemu Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan aliyefariki mwaka 2019, ziliwekwa mbio zenye kanuni zao: kasi isizidi kilomita 20 kwa saa, mapigo ya moyo yashuke hadi 56, na heshima ipewe farasi aliyemaliza akiwa na hali njema. Hiyo kwa maoni yetu ndiyo tiba ya kano iliyo bora kuliko seli shina, kwa kuwa inaifikia kano kabla haijachanika. Na inafanana kabisa na Hafyaa na Thaniyatul Wadaa.

Wala wasijione watakatifu walio Magharibi. Mwaka 2009 mkutano mkuu wa FEI huo huo ulipiga kura ya kuruhusu kiasi kidogo cha fenilibutazoni, dawa ya maumivu inayojulikana katika kila banda la farasi, wakati wa mashindano. Kelele zilizuka, utekelezaji ukasitishwa, na shauri likaachwa mwaka uliofuata. Huko Marekani, kinyume chake, uko mfano unaostahili kusifiwa ingawa mbio zenyewe zimezungukwa na kamari ambayo dini yetu imeiharamisha. Mwaka 2012 farasi aitwaye I'll Have Another alikwisha kushinda mbio mbili kubwa, Kentucky Derby na Preakness, na akibakiwa na moja tu, Belmont, kutimiza ushindi wa tatu ambao hadi wakati huo hakuna farasi aliyekuwa ameupata tangu mwaka 1978. Siku moja kabla ya mbio kano ya mguu wake wa mbele wa kushoto ilionekana imevimba kidogo. Wenyewe walimtoa, na hakukimbia tena maishani. Mtu anaweza kusema walilinda thamani yake ya kuzalisha, na huenda fedha ilikuwa na sauti yake humo. Sisi hatupimi nia za watu. Tunaona tu kwamba mguu haukutiwa ganzi.

Kuna pia mlango wa biashara, nao unawagusa hata wale wasiokimbiza farasi. Mnyama mwenye kano yenye kovu huuzwa, aghalabu kwa mtu asiye mjuzi. Uvimbe ukipungua na nywele zikikua, mnunuzi haoni kitu. Sheria yetu ina hukumu iliyo wazi. Mtume (s.a.w.) alikataza kumwacha mnyama bila kukamwa siku kadhaa ili chuchu zake zijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi, na akampa mnunuzi aliyedanganywa hiari ya kumrudisha. Ikiwa maziwa yaliyozuiliwa kwa siku mbili au tatu ni udanganyifu, sembuse mguu ulionyamazishwa kwa sindano? Mafakihi wameieleza khiyari ya aibu kwa urefu. Muuzaji ambaye anajua kwamba kano iliumia na hasemi, fedha aliyoipokea ina doa. Mnunuzi naye asione haya kutaka picha za ultrasaundi za miguu yote kabla ya kutoa fedha.

Na saisi je? Huyu ndiye anayetusumbua zaidi moyoni, kwa kuwa pengine ni mtoto wetu. Yeye ndiye wa kwanza kuweka kiganja juu ya mguu asubuhi na kuhisi joto ambalo jana halikuwapo. Hana farasi, hana fedha, mara nyingine hata pasi yake ya kusafiria imo mikononi mwa mwajiri. Akiambiwa afunge bendeji na anyamaze, atafanya nini? Hatutamtwika mzigo asioweza. Tunasema kwamba kuosha, kulisha, kufunga bendeji na kumtembeza farasi aliyeumia ni kazi ya halali na yenye thawabu. Kumpa dawa ambayo daktari ameiandika ni halali. Kushika sindano asiyoijua, gizani, kabla ya mbio, kwa amri ya mtu asiye daktari, si katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, na utiifu kwa kiumbe una mpaka wake. Aliyoyaona mguuni ayaseme kwa daktari kwa maneno machache na siku ile ile. Dhambi ya kilichofuata itakuwa ya aliyeambiwa.

Inabaki habari ya farasi ambaye kano yake imeumia mara ya pili au ya tatu, na daktari mwaminifu amesema hatastahimili tena mbio. Wengi wao wanaweza kuishi miaka mingi bila maumivu, wakitembea tu, wakibeba watoto wanaojifunza kupanda, au wasipandwe kabisa. Imamu Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 1262, alipozitaja haki za wanyama juu ya wanadamu alianza na kuwatimizia matumizi yao, hata kama wamezeeka au wameugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena, na akaongeza kwamba wasitwishwe wasichokiweza. Farasi huweza kuishi miaka 25 au zaidi, na kano zake zinaweza kumalizika akiwa na miaka 8. Hiyo ni miaka 17 ya majani, maji, kivuli, na fundi wa kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8, bila kombe hata moja. Mwenye banda aipige hesabu hiyo siku anapomnunua, kabla ya mbio ya kwanza, na kama haimuwii, asinunue farasi wa mashindano.